Ngazi Isiyofika Popote na Kilomita Arobaini na Mbili

Jumapili, 5 Julai

Nimefanya jambo kanisani. Nalieleza kwa utaratibu, kama nilivyowafundisha wanafunzi wangu wa jiografia kwa miaka thelathini na moja: kwanza chanzo, kisha mkondo.

Chanzo: Wachira. Jirani yangu, mwenye duka la mbegu na dawa za mifugo. Umri hamsini na minane, tumbo la wastani. Wakati wa ushuhuda alisimama akatangaza kwamba tarehe 23 Agosti atakimbia marathoni nzima hapa Eldoret. Kilomita arobaini na mbili na mita mia moja tisini na tano, kwa utukufu wa Mungu! Kanisa likapiga makofi. Kina mama wakapiga vigelegele. Kwa mtu ambaye hajakimbia hata hatua moja!

Nikajikuta nimesimama. Sijui nani aliniinua. Nikasikia sauti ikisema kwamba hata mimi, Mwalimu Elphas Okeyo, nitakimbia, tena nitamaliza. Sauti ilikuwa yangu.

Hakuna vigelegele. Kikohozi kimoja tu. Kilitoka kwa Seline, mke wangu.

Njiani alinitangulia mpaka tulipofika langoni. Hapo akasimama, akaitazama ngazi.

Lazima nieleze ngazi. Nyumba yetu ina ngazi nzuri ya mawe na saruji, vidato kumi na saba, upande wa nje. Niliijenga mwaka wa 2009 ili itupeleke ghorofani. Ghorofa bado. Kwa hivyo ngazi inapanda, inapanda, kisha inaishia hewani. Tunaanikia mahindi.

Seline akahesabu kwa vidole. Ghorofa. Shahada ya pili. Kitabu cha mito ya Kenya, ambacho kimesimama kwenye Mto Nzoia tangu 2013. Kinanda. Akasema, "Baba Ayoo, tangu unioe umemaliza kitu kimoja tu. Ugali."

Kisha akatoa masharti. Nikimaliza mbio hizi, hataitaja ngazi tena mpaka kaburini. Nisipomaliza, fundi anakuja Jumatatu yake na nyundo, na mawe ya ngazi yatajenga banda la kuku. Vifaranga ameshaagiza. Mia moja!

Ngazi yangu!

Jumatatu, 6 Julai

Saa kumi na mbili asubuhi. Kidato cha kumi na saba, blanketi mabegani, kikombe cha chai mkononi. Hapa ndipo ninapokaa kila siku tangu nistaafu. Hapa ndipo ninapowaona.

Kwanza husikii kitu. Kisha unasikia kama mvua inakuja juu ya majani ya mahindi. Si mvua. Ni miguu. Wanatokea kwenye ukungu, wakimbiaji arobaini, hamsini, katika ile barabara ya udongo mwekundu. Hakuna anayeongea. Mvuke unawatoka vichwani kama vyungu vilivyoepuliwa sasa hivi. Wanapita. Sekunde kumi na mbili, nimewapima. Kimya kinarudi, lakini si kile kimya cha kwanza. Miaka minne nawatazama na bado vinyweleo vya mikono vinasimama.

Jerop yumo katikati yao. Ni mpangaji wetu wa chumba cha nyuma, miaka ishirini na saba. Nyumbani hutembea polepole kuliko mtu yeyote ninayemjua, kama aliyebeba uji uliojaa hadi mdomoni. Barabarani ni kitu kingine. Sina neno lake. Mimi, mwalimu, sina neno!

Nikatafakari. Ndipo nikagundua!

Eldoret iko zaidi ya mita elfu mbili juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyembamba, na mwili unaoishi kwenye hewa nyembamba hujitengenezea damu nzito zaidi. Wageni husafiri kutoka mbali waje kukaa hapa wiki nne tu, waondoke na nguvu. Mimi nimekaa hapa miaka thelathini na minne! Siku elfu kumi na mbili mia nne na kumi za kuyafundisha mapafu. Ubaoni, usingizini, hata nikiwa na malaria. Sihitaji kufanya mazoezi. Nimeshafanya.

Nikamweleza Seline. Akauliza ni nani kati ya wale kina mama wa sukuma wiki, waliozaliwa papa hapa, aliyewahi kuleta medali sokoni.

Swali zuri. Sikuwa na muda wa kulijibu.

Jumatano, 15 Julai

Nimeona Wachira akikimbia. Tumbo lilikuwa mbele yake kwa nusu hatua, lakini lilikuwa linakimbia. Kwa hivyo nami leo nimejiunga na kundi la asubuhi. Jerop alinihakikishia kwamba Jumatano ni siku ya polepole.

Wanakutana njia panda, mbele ya kibanda cha chai cha Mama Kavetsa. Hakuna anayesema twende. Saa ya mtu mmoja inalia, na wote wameshaondoka.

Nilidumu nguzo nne za stima. Nguzo ya kwanza nilikuwa ndani yao. Ndani! Mabega pande zote, pumzi moja ya watu hamsini, ardhi yenyewe ikitusukuma. Nilihisi kama kijiti kilichochukuliwa na mto. Kama ningekufa wakati ule ningekufa nimeridhika. Nguzo ya pili nilikuwa mwisho wao. Nguzo ya tatu niliona migongo. Nguzo ya nne nilikuwa na ng'ombe mmoja, naye akanipita.

Sasa ninajua kwamba neno polepole lina maana tofauti kwa kila mguu.

Mama Kavetsa alinikalisha, akanimiminia chai bila kuuliza. Ni mama mkubwa, mwenye kicheko kinachotingisha sufuria. Akaniambia kwamba naye amejiandikisha marathoni nzima. Nikapaliwa. Akaeleza. Miaka kumi na moja wanaanzia mlangoni pake na kurudi mlangoni pake, asubuhi baada ya asubuhi, na yeye yuko na chapati tu. "Mwalimu, nataka kuona huwa wanaenda wapi."

Kuna maswali ambayo mtu aliyesoma hawezi kuyauliza, kwa sababu anadhani anajua jibu.

Akaongeza kwamba shida yake ni moja, hajui kujipima. Anahitaji mgongo wa mtu. Akishaushika mgongo, hauachi.

Wachira akapita wakati huo huo, akiwa na saa mpya inayoongea. Sauti ya mwanamke ikamwambia jambo kwa Kiingereza. Akasema mazoezi yake halisi huyafanya kwa siri shambani kwake Moi's Bridge, na hapa amekuja tu kunyoosha miguu. Kisha akanitazama nilivyolowa, akaniuliza, "Mwalimu, umeanguka mtoni?"

Jumamosi, 25 Julai

Mbinu mpya. Jerop alinieleza kwamba wanariadha wakubwa hulala juu, hufanya mazoezi chini. Kadiri unavyolala juu, ndivyo damu inavyokua.

Nilipima. Kidato cha kumi na saba kiko mita tatu na nusu juu ya kitanda changu. Nikapandisha godoro.

Mvua ya Julai haina adabu. Nimeamka na godoro la kilo tisini na mafua. Seline analianika godoro juu ya ngazi, akisema kwamba hatimaye ngazi imepata kazi. Wachira ameliona kutoka dukani kwake. Ametuma mtu na dawa ya kikohozi. Ya mbuzi.

Jumanne, 4 Agosti

Siku kubwa. Naandika bila haraka.

Kioo kimoja cha dirisha la Jerop kilivunjika zamani, naye amekiziba kwa karatasi ngumu za kubandikwa kifuani, zile za mashindano. Leo nilipokuwa nikimpelekea mahindi ya kuchoma nilizitazama vizuri. Saba. Hakuna iliyo na namba. Zote zimeandikwa neno moja kwa herufi kubwa: PACE.

Nikauliza. Akaweka hindi chini, akafuta mikono, akanieleza polepole kama anavyotembea.

Yeye ni mweka kasi. Amekimbia marathoni saba, miji saba, nchi nne. Hajamaliza hata moja. Kazi yake ni kutangulia, kushika kasi waliyokubaliana, kukata upepo ili wengine wapumue nyuma yake. Kibao cha kilomita thelathini kikifika, anatoka kando. Wenye majina wanaendelea. Yeye anavaa traksuti na kutafuta basi. "Miguu yangu inajua thelathini, Mwalimu. Thelathini na moja haiijui."

Safari hii amemwomba kocha wake akimbie na namba, yenye jina lake. Kocha akamwambia kwamba ng'ombe aliyezoea jembe haendi maonyesho. Amejiandikisha mwenyewe. Nikamuuliza kama anatafuta ushindi. Akacheka kidogo. Anataka tu kuona thelathini na moja inafanana aje.

Nililazimika kukaa kwenye ndoo. Nimefundisha mito, milima na mikondo ya bahari, na sijui kama niliwahi kumweleza mtoto yeyote jambo kubwa namna hii. Mtu kuwa na nguvu kiasi hicho, na kuziishia kando ya barabara mara saba bila kinyongo!

Kisha, Mungu anisamehe, nusu ya pili ya kichwa changu ikaanza kufanya kazi.

Kuna kazi duniani ambayo ndani yake kuacha ndiko kumaliza!

Nafafanua. Seline alisema nikimaliza. Hakusema nikimaliza nini. Mweka kasi akifika mahali pa kazi yake kuisha, amemaliza. Hakuna anayemlaumu, hupewa maji na mkono. Kwa hivyo nikiwa mweka kasi, na mahali pangu pakiwa kilomita ya kumi na mbili, nitatoka kando, nitapanda bodaboda, na saa nne asubuhi nitakuwa kwenye ngazi yangu nimeoga. Katika mdahalo, asiyefafanua istilahi ameshindwa. Niliwaambia wanafunzi hivyo kila mwaka.

Nikamwomba Jerop karatasi moja ya PACE. Nikasema ni ya kumbukumbu. Akaichomoa dirishani akanipa kwa mikono miwili. Upepo ukaingia chumbani mwake.

Nilijisikia vibaya kwa muda wa dakika tano hivi.

Jumamosi, 22 Agosti

Nimechukua namba yangu mjini. 2716. Nyuma yake kuna kidude kidogo cha plastiki. Nilimuuliza msimamizi, akaeleza kwamba hicho kidude husema ukweli: unapopita kwenye mkeka wa kuanzia kinakuandika, na unapopita kwenye mkeka wa mwisho kinakuandika tena. Nikamshukuru.

Kidude kinachosema ukweli kitabaki nyumbani. Nimekificha ndani ya kitabu changu, ukurasa wa Mto Nzoia. Hapo hapana aliyefika tangu 2013, nikiwemo mimi.

Nimekubaliana na Kuria, mwenye bodaboda wa njia panda, mtu mzima mwenye siri. Mbio zinatoka mjini, zinapita Chepkoilel, zinaendelea hadi ghala moja la mahindi lililo katikati ya mashamba, kisha zinageuka na kurudi kwa barabara ile ile. Kuria atanisubiri kwenye kibao cha kumi na mbili, mbele kidogo ya Chepkoilel. Akauliza kama mimi ni mgonjwa. Nikamwambia ni mkakati. Akasema hata baba yake aliuita ugonjwa wake hivyo.

Wachira amenipungia mkono kutoka dukani. Akaniuliza kwa sauti ya mtaa mzima kama nina mtu wa kunibeba. Nikatabasamu. Hajui alivyo karibu na ukweli!

Jumapili, 23 Agosti

Naandika nimelala chali, daftari kifuani. Mkono ndio kiungo pekee kinachonitii.

Saa moja kasoro. Baridi. Watu elfu tatu barabarani, na juu yao mvuke. Nilibandika PACE juu ya fulana. Papo hapo msimamizi mwenye koti la manjano akanishika kiwiko. "Mzee, nafasi yako ni mbele." Nikajaribu kueleza. Akapasua umati, akanifikisha kwenye mstari wa kwanza, kati ya viumbe wenye miguu kama ya swala.

Jerop alikuwa hapo. Namba 41, na chini yake jina lake. Akaitazama karatasi kifuani mwangu, ile ya dirisha lake. Akauliza kwa upole, "Mwalimu, unaweka kasi ya nani?"

Bastola ikalia kabla sijajibu. Nashukuru bastola.

Waliondoka. Nimewatazama miaka minne kutoka juu ya ngazi, na leo nilikuwa chini yake, katikati ya sauti ile. Haikuwa mvua tena. Ilikuwa kama nimesimama ndani ya ngoma. Sekunde kumi na mbili, na hawapo. Halafu watu elfu tatu wakanipita pande zote mbili, kama mafuriko yanavyopita jiwe.

Kilomita ya tatu nikasikia kicheko ninachokijua. "Huyo hapo! Ameandikwa kabisa! Shikeni huyo!" Mama Kavetsa. Nyuma yake manesi wawili, katekista mmoja, kinyozi wa sokoni, na wengine ambao sikuwajua. Nilipogeuka walikuwa kumi. Wote walinitazama mgongoni kwa imani. Nikafikiria kueleza. Pumzi haikutosha kwa maelezo.

Kilomita ya tisa, Wachira. Ameketi kwenye jiwe. Saa yake ilikuwa imemwambia yuko nyuma ya ratiba, kisha ikasema betri imeisha, kisha ikanyamaza. Mtu aliyezoea kuambiwa hawezi kujiambia. Akainuka akajiunga nyuma, akisema anatusindikiza tu. Kumi na mmoja.

Basi, kilomita ya kumi na mbili. Nieleze vizuri, kwa sababu hapa ndipo kila kitu kilitokea.

Kwa kuwa barabara ni ya kwenda na kurudi, kibao kimoja kina pande mbili. Upande wetu kimeandikwa 12. Upande wa wanaorudi kimeandikwa 30. Sikuwa nimepiga hesabu hiyo. Mimi, mtu wa ramani!

Kuria alikuwa hapo na pikipiki inanguruma. Nilikuwa nimeanza kupunguza mwendo. Ndipo nikaona gari lenye taa, na nyuma yake wanawake sita wakirudi. Vijana wawili waliotangulia, wenye PACE kifuani, walifika kwenye kibao, wakatoka kando, wakashika magoti. Kazi imekwisha. Wanawake wakapita.

Jerop alikuwa wa tano. Nikamwona akigeuza kichwa kuelekea ukingoni, kama ng'ombe anavyogeukia lango la boma analolijua. Mguu wa kushoto ukatoka kwenye lami. Nusu hatua. Mguu wenyewe uliamua, si yeye.

Akaniona. Akaona kifua changu, neno lile, na nyuma yangu mkia wa watu kumi na mmoja wanaohema. Sijui alifikiri nini. Uso wake ulifanya kitu ambacho huenda kilikuwa kicheko na huenda kilikuwa maumivu. Mguu ukarudi kwenye lami. Akapita kibao. Hatua moja baada ya thelathini. Ya pili. Ya tatu.

Nimeona Mto Nzoia umefurika ukabeba nyumba. Nimeona jua likipatwa mchana. Sijaona kitu kikubwa kama hatua ile ya kwanza.

Niliposhtuka, Kuria alikuwa nyuma yetu akipiga honi. "Mzee! Mzee, niko hapa! Kumi na mbili ni hapa!"

Mama Kavetsa akamgeukia kama radi. "Wewe! Wacha mtu wa kasi afanye kazi yake! Huoni ana watu?"

Nikajaribu. Naapa nilijaribu. Nikasimama, nikawaeleza kwa utaratibu kwamba mweka kasi huwa na mahali pake pa kuishia, kwamba si aibu, kwamba ni taaluma. Kumi na mmoja wakanisikiliza. Nesi mmoja akauliza, "Na sisi je?" Mama Kavetsa akasema, "Mwalimu, sisi hatujui njia."

Njia ni moja. Imenyooka. Hata ng'ombe wa nguzo ya nne angeijua.

Nikatazama pikipiki. Nikatazama nyuso. Hakuna aliyeniangalia hivyo tangu nistaafu. Nikaendelea.

Sina hadithi ndefu ya kilomita zilizobaki, kwa sababu nyingine sizikumbuki. Tulitembea, tukakimbia, tukatembea. Niliwafundisha. Udongo mwekundu ni mwekundu kwa nini. Mawingu ya alasiri hutoka wapi. Kinyozi aliuliza maswali mazuri sana. Kwenye ghala la kugeukia, kilomita ya ishirini na moja, Mama Kavetsa alisimama. Ghala la mabati, pipa moja lililopakwa rangi, mahindi mabichi pande zote hadi mbingu inapogusa, na upepo ukipita juu yake bila mwisho. Akaligusa pipa kwa kiganja. "Kumbe ni hapa," akasema. Akalia kidogo, akacheka kidogo, akageuka.

Kwenye thelathini nilikanyaga ukingo wa lami pale pale alipokanyaga Jerop. Kisha nikakanyaga thelathini na moja. Inafanana na thelathini, ila hakuna kitu mwilini kinachoielewa.

Kilomita ya thelathini na tano Wachira alilia waziwazi na kuniomba mkono. Nikampa. Kilomita saba nimemshika mkono, mtu aliyenitumia dawa ya mbuzi!

Saa nane na dakika ishirini mchana. Barabara wamefungulia magari. Lile lango la kumalizia, la turubai la kujazwa hewa, walikuwa wamelitoa hewa. Limelala nusu, kama tembo aliyepiga goti. Mita hamsini za mwisho, Wachira akauachia mkono wangu. Akakimbia! Akanipita! Akanyoosha mikono juu! Nimeandika hapa ili isisahaulike.

Tulipita tukiwa tumeinama chini ya lango.

Jerop alikuwa ameketi kwenye ukingo wa barabara, kibuyu cha mursik mapajani, yale maziwa lala ya kumkaribisha mwanariadha nyumbani. Amekuwa wa nne. Ametusubiri karibu saa tano. Akampa kibuyu Mama Kavetsa kwanza, kisha mimi. Akaniambia tu, "Mwalimu, thelathini na moja ni ndefu." Nikamwambia najua. Najua!

Seline alikuwa nyuma yake. Alivua kitambaa chake cha kichwa, akanipangusa uso nao, taratibu, kama anayefuta ubao.

Jumatatu, 24 Agosti

Ujumbe wa waandalizi umeingia kwenye simu asubuhi. Seline ndiye aliyeusoma, kwa kuwa mikono yangu haifiki usoni.

"2716 OKEYO ELPHAS. HAKUANZA."

Nilisahau kile kidude cha kusema ukweli! Kimelala Mto Nzoia. Ikabidi nieleze yote: kitabu, karatasi, Kuria, istilahi. Seline alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka mpaka akaketi sakafuni. Akasema amekuwa na mume anayeanza bila kumaliza, na sasa Mungu amempa anayemaliza bila kuanza.

Lakini neno lake ni neno. Ameona kwa macho yake. Fundi amerudishwa langoni na nyundo yake. Ngazi imepona!

Wachira ametundika ujumbe wake ukutani dukani, kati ya dawa ya kupe na dawa ya minyoo.

Jerop alikuja jioni na simu yake. Wa nne, jina lake, saa, dakika, sekunde. Akaniomba nimsomee kwa sauti. Anajua kusoma kuliko mimi. Nikamsomea. Akaomba mara ya pili. Dirishani mwake, pale palipokuwa na tundu, sasa pana 41.

Jumamosi, 29 Agosti

Miguu imerudi. Nimeshuka ngazi nikitazama mbele, si kinyumenyume.

Seline amenishangaza. Jana alimwita fundi tena, safari hii na mwiko badala ya nyundo. Lori limemwaga mawe uani. Akasema mtu aliyetembea kutoka mjini hadi yale mahindi na kurudi hawezi kushindwa na ghorofa moja. Aliniangalia kama alivyoniangalia kwenye lango la mwisho wa mbio. Mtaa mzima ulikuja kutazama. Mama Kavetsa alileta chapati. Hata Wachira alikuwepo, akichechemea.

Nikapanda vidato kumi na saba. Nikatandaza saruji. Nikaweka jiwe la kwanza kwa mikono yangu mwenyewe, nikalipima kwa timazi. Limenyooka! Nilisimama pale juu nikaiona Eldoret yote, mabati yakimeta, na kule mbali mstari wa kijani wa mahindi. Watu wakapiga makofi. Vigelegele! Hatimaye!

Kisha nikashuka, nikanawa mikono.

Seline akauliza la pili je.

Nikamweleza kwa utaratibu, mbele ya mashahidi, kwa kuwa jambo hili nimelielewa kikamilifu mwaka huu. Kila kazi ina mwenye kuanza na mwenye kumaliza. Mimi ni mweka kasi. Fundi sasa ataushika mgongo wangu.

Fundi ameenda kula chapati. Vifaranga wamefika mchana, mia moja, na kwa kuwa hawana banda wamepanda wenyewe. Wamejaa ngazini, kidato kwa kidato, na mmoja amesimama juu ya jiwe langu akitazama hewani, akingoja kuona njia inaendelea wapi.